Deni la Mtengenezaji

Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba karakana moja ya magari huko Gdańsk, Poland, bado ilikuwa ikisawazisha propela shafti kwa kompyuta ya Commodore 64, aina iliyoingia sokoni mwaka 1982. Ilikuwa imetumika humo kwa zaidi ya miaka 25, na kampuni iliyoiunda ilikuwa imefilisika tangu 1994. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba magari ya McLaren F1, ambayo yaliundwa 106 tu kati ya 1992 na 1998, yalikuwa yakihudumiwa kwa laptopu za Compaq LTE 5280 za miaka ya tisini, kwa kuwa kadi maalumu inayowasiliana na gari haikubali kompyuta nyingine. Compaq yenyewe ilikwisha kumezwa na HP mwaka 2002. Wengi husoma habari za namna hii kama vichekesho. Kwangu zinaibua swali la haki: chombo kinapoendelea kuifanya kazi yake barabara, nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba kimekufa, na gharama ya tangazo hilo inamwangukia nani?

Tuchukue mfano wa mashine ya karakana. Mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta ina umri wa aina mbili. Kitanda chake cha chuma cha kalibu, kikitiwa mafuta na kutunzwa, kitamzika aliyekinunua. Kompyuta inayokiongoza haina maisha hayo. Kapasita zake hukauka, betri ya saa huvuja na kuila bodi, na disketi zenyewe hazipatikani kwa urahisi tangu Sony ilipoacha kuzitengeneza mwaka 2011. Hata spea zikipatikana, mara nyingi programu iliandikwa kwa MS-DOS au Windows 98, na hupeleka mapigo ya umeme kwenye mota moja kwa moja kupitia soketi ya printa. Matoleo ya baadaye ya Windows hayairuhusu programu ya kawaida kuigusa soketi hiyo. Ndiyo maana fundi hununua kompyuta kuukuu tatu ili apate moja nzima, akalehemu kapasita mpya, akaweka kadi ya kumbukumbu mahali pa diski iliyochoka. Aristotle alifundisha kwamba ubora wa kitu hupimwa kwa kazi yake. Kwa kipimo hicho, mashine inayokata chuma kwa usahihi uleule wa siku ya kwanza haijazeeka. Kilichokatika ni uhusiano kati yake na waliokuwa wakijua siri zake.

Hapa elimu ya fiqhi ina neno la kutuambia. Wanazuoni wa Kiislamu walikubali kwamba mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa bidhaa, ana hiari ya kuirudisha, na kwamba muuzaji anayeijua kasoro hana ruhusa ya kuificha. Mtu atasema uzee si kasoro, kwa kuwa kila kilichoumbwa kina mwisho. Ni kweli, na gia inayolika kwa kazi haimdhulumu mtu. Lakini mchoro wa bodi uliofichwa, programu iliyofungwa na kadi asiyoruhusiwa mwingine kuitengeneza havikuletwa na miaka. Viliamuliwa kiwandani, vikawamo siku ya mauzo. Ni sawa na kumuuzia mtu nyumba ukabaki na ufunguo wa chumba cha ndani. Naamini basi kwamba deni la kwanza ni la mtengenezaji, na fundi anayehangaika na kompyuta ya zamani analipa deni lisilo lake. Anastahili shukrani kwa hilo, kwa maana anazuia israfu: tani nzima za chuma kizima zisitupwe kwa ajili ya bodi ndogo. Mkristo anayeamini kwamba mwanadamu ni wakili tu wa mali ya Mungu atafika hapohapo kwa njia yake.

Wenye viwanda watajibu kwamba hakuna kampuni inayoweza kuhudumia bidhaa zake milele. Hakuna anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba anayeacha kuhudumia aache na maarifa. Kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi upo: katika miaka ya tisini taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, iliunda programu ya kuongoza mashine iitwayo EMC, ikawa mali ya umma, na watu wa kujitolea wakaiendeleza hadi leo kwa jina la LinuxCNC. Kwa programu hiyo mashine nyingi zilizopoteza kompyuta zake zimepewa nyingine.

Pingamizi zito zaidi ni la hatari. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali nyingi za Uingereza kupitia kompyuta za Windows zilizokosa masahihisho ya usalama. Hilo ni onyo la haki, na jibu lake ni kwamba kompyuta ya karakana isiunganishwe na mtandao. Kukereza shafti hakuhitaji intaneti. Lakini kisa cha Therac-25 kinatufunza jambo la ndani zaidi. Kati ya 1985 na 1987 mashine hiyo ya mionzi iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka mashine zilizotangulia. Therac-20 ilikuwa na kosa lilelile, lakini vizuizi vyake vya umeme viliizuia isidhuru mtu. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, kazi yao ikaachiwa programu. Maafa yalikuja pale cha zamani kilipohamishwa bila ulinzi wake na bila kujaribiwa upya. Kwa hiyo anayetunza mtambo wa kale ana wajibu wake pia: aupime, na asikubali kamwe kwamba kufanya kazi jana ni dhamana ya leo. Aandike pia kila waya unakokwenda na kila faili ilipo, kisha amkabidhi mwanagenzi daftari hilo, maana fundi anayekufa na siri hizo kichwani anamwachia mrithi wake fumbo lilelile alilofumbiwa yeye na kiwanda.