Mfungo Usioamriwa

Kanisa Takatifu limetuwekea sheria ya mfungo, nayo si ngumu kuikumbuka. Siku ya Jumatano ya Majivu na siku ya Ijumaa Kuu hufunga Mkristu aliyetimiza umri wa miaka 18, mpaka atakapoanza mwaka wake wa 60. Kujinyima nyama humpasa yeye aliyetimiza miaka 14. Ndivyo ilivyoandikwa katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Aliye mdogo kuliko umri huo Kanisa limemwacha, likiwaagiza wachungaji na wazazi wamfundishe maana ya kitubio pasipo kumtwika mzigo wake. Hata mfungo wa kabla ya kupokea Komunyo Takatifu, ambao zamani ulianza usiku wa manane, tangu mwaka 1964 umekuwa wa saa moja tu. Mama huyu mwenye hekima ajua ya kwamba mwili unaokua haufungishwi.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu katika nyumba zetu nyingi umeingia mfungo mwingine, ambao hakuna Askofu aliyeuamuru. Mtoto wa miaka tisa huamka alfajiri, akanawa uso, akanywa kikombe cha chai kavu, pengine hata hicho hakipati, kisha akashika njia ya shule kwa miguu. Wenzake wakitoka nje saa nne kununua mihogo ya kukaanga, yeye huenda bombani akanywa maji. Hurudi nyumbani saa tisa alasiri, akakuta jiko limepoa, akangojea chakula cha jioni. Kesho yake huwa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mfungo huu ni mkali kuliko ule wa Ijumaa Kuu, tena hauna Pasaka.

Mwalimu amwona mtoto huyo akisinzia darasani, naye humwita mvivu. Wazazi wasomapo cheti chake cha mwisho wa mwaka humwita mjinga. Wala hawaulizani mtoto huyu alikuwa amekula nini.

Twajua tutakalojibiwa: umaskini. Ni kweli, wako walio maskini hasa, nasi tutawataja. Lakini tusijifiche wote nyuma ya mgongo wa mjane. Upimaji wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe iliyo njema. Na ni wapi walikodumaa zaidi? Si katika nchi kame. Ni mkoani Iringa, ambako walipita nusu ya watoto wote, na baada ya Iringa ni Njombe na Rukwa, ambako walikuwa kama nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji yetu kwa mahindi, maharagwe na viazi! Magari hutoka huko yamejaa magunia, na watoto wa wenye magunia wamedumaa. Basi kuna jambo jingine zaidi ya umaskini. Mama yuko shambani tangu asubuhi mpaka jioni. Mtoto hupewa ugali ule ule kila siku na mboga kidogo. Yai huuzwa, maziwa huuzwa, kuku huuzwa, na kinachosalia huwekewa baba. Watoto waliopimwa mwaka ule ndio walioketi, au watakaoketi, madarasani. Kimo walichopoteza katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu kukirudisha chote, lakini miaka ya shule ina kazi yake: mifupa yaendelea kukua, damu yaongezeka, na akili yahitaji chakula kila siku ili ishike inachofundishwa.

Tufungue Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya tano. Binti wa Yairo alikuwa na umri wa miaka 12, ambao kwetu ni umri wa mtoto wa darasa la sita. Bwana wetu alimshika mkono akamfufua. Watu waliokuwamo walishangaa mno, wakasahau mengine yote. Yeye hakusahau. Aliwaagiza wampe mtoto chakula. Aliyeweza kurudisha roho katika mwili hakutaka kuushibisha mwili ule kwa muujiza wa pili; kazi ile aliwaachia watu wa nyumbani. Tumesikia mahubiri mengi juu ya kufufuka kwa binti huyo, na machache mno juu ya sahani yake.

Sasa tuseme juu ya shule zetu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za Serikali haitozwi ada, nasi twashukuru. Lakini chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mkutano wa wazazi huitwa. Mwalimu mkuu huomba mahindi na maharagwe. Mmoja husimama akasema ya kwamba elimu ni bure, na wengine hupiga makofi. Ndugu huyo huyo, akifikiwa na kadi ya mchango wa harusi, hutoa mara moja, kwa kuogopa aibu. Hebu tupige hesabu. Mtoto mmoja akipewa gramu 100 za mahindi na gramu 40 za maharagwe kila siku, na siku za masomo zikiwa 194 kwa mwaka, atakula kilo 20 hivi za mahindi na kilo 8 za maharagwe. Yaani debe moja la mahindi na nusu debe la maharagwe, wala halijai. Kwa mkulima aliyevuna, hiki si kitu cha kuvunja mkutano.

Na atoaye, atoe kilicho kizuri. Nabii Malaki aliwakemea vikali makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu na viwete. Wako wazazi wanaochagua gunia lililopata unyevu, lenye mahindi yaliyoota ukungu, wakasema hili litafaa la shule. Katika ukungu huo imo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa, na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi ambayo baba hawezi kuyala asiyapeleke kwenye sufuria ya watoto 400.

Liko neno jingine, nalo twalisema wazi hata kama halitawapendeza wote. Katika baadhi ya shule mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga hutengwa wakati wa chakula, akaketi chini ya mti akitazama wenzake wanavyokula. Twaelewa hasira ya waliotoa. Hata hivyo mtoto huyo hakuwamo mkutanoni, wala hana ghala. Mzazi mkaidi na aitwe na kamati ya shule, aitwe na mwenyekiti wa kijiji. Mtoto apewe sahani yake. Na kwa ajili ya mjane, mgonjwa na bibi aleaye yatima, Jumuiya Ndogo Ndogo zina kazi hapa. Nyumba 12 zikitoa kilo mbili mbili za mahindi, debe la yatima limepatikana na kubakia.

Nyumbani nako hatusemi watu wanunue vyakula vya kizungu. Maharagwe, kunde, karanga, dagaa, mchicha, matembele, papai, viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa: haya yote yako sokoni na mashambani mwetu. Unga wa dona una nguvu kuliko sembe nyeupe, ambayo kiini na pumba zake zimeachwa mashineni. Chumvi iwe ile yenye madini joto, maana bila hayo mtoto hupata rovu na akili yake huzorota. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, afadhali chungwa. Na ziko nyumba zinazomnyima mtoto mayai, ati atakuwa mwizi. Twashangaa, kwa kuwa aibaye ni yule mwenye njaa.

Tena tumwangalie binti. Kati ya miaka 10 na 14 yeye hukua upesi, na akisha kuvunja ungo hupungukiwa damu kila mwezi. Ni yeye basi ahitajiye dagaa, maharagwe na mboga za majani kuliko wengi nyumbani. Lakini yeye ndiye apikaye, awapakuliaye baba na kaka zake, kisha akakwangua ukoko. Akina mama, ninyi wenyewe mlilelewa hivyo, nanyi mwajua kizunguzungu chake. Mpakulieni mapema.

Kwa walio mijini twaongeza haya machache. Fedha anayopewa mtoto ili anunue soda na biskuti hushibisha tumbo kwa nusu saa na kuoza meno. Fedha hiyo hiyo yanunua ndizi na karanga.

Mavuno yanapokaribia wafanya biashara hutembea vijijini, na mkulima mwenye deni huuza yote kabla hajahesabu walaji wa nyumba yake. Tunawaomba akina baba wafanye hivi: siku ile ile ya kupura, kwanza mtenge mbegu, kisha chakula cha nyumbani, kisha debe la shule kwa kila mtoto, likaushwe vema na kufungwa, na jina la mtoto liandikwe juu yake, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.