Mnunuzi na Dhuluma ya Mbali

Mtu aingiapo dukani kununua chupa ya chai, taa, viatu vya mtoto au simu, hutazama uzuri wa kitu, uimara wake na bei yake. Mengine hayaandikwi juu ya kasha. Kitu kimetoka Uchina. Na mnunuzi amepata kusikia habari za Watibeti, ambao serikali ya nchi hiyohiyo inawatawala bila ya kuwauliza ridhaa yao. Je, fedha aitoayo inamwingiza katika dhuluma ile? Swali hili limewasumbua watu wa kawaida katika nchi nyingi, watu wasio mawaziri wala mabalozi, na mara nyingi hujibiwa kwa kicheko, kwa sababu aulizaye ni mdogo na jambo aulizalo ni kubwa. Kicheko si jibu.

Yafaa kwanza habari yenyewe ijulikane. Majeshi ya Uchina yaliingia mashariki ya Tibet mwezi wa Oktoba 1950. Mwezi wa Mei 1951 wajumbe wa Tibet walitia sahihi mjini Beijing mapatano ya vifungu 17, yaliyoiweka nchi yao chini ya Uchina na kuahidi kwamba utawala wake wa ndani na dini yake havitaguswa. Tarehe 10 Machi 1959 watu wa Lhasa waliinuka. Maasi yao yakazimwa kwa silaha, na Dalai Lama akakimbilia India, ambako makao yake yamekuwa Dharamsala tangu 1960. Serikali ya Uchina husema kwamba ilivunja ukabaila, ikaleta barabara, umeme, shule na hospitali. Mwenye insafu hawezi kuyakana hayo yote. Tibet ya kale haikuwa pepo: wakulima wengi walifungwa na ardhi ya mabwana na ya nyumba za watawa. Lakini kumwondolea mtu bwana wa zamani hakumpi mwondoaji haki ya kuwa bwana mpya, na barabara haijapata kuwa badala ya ulimi. Tangu 2009 Watibeti zaidi ya 150 wamejichoma moto kwa kulalamika. Mwezi wa Februari 2023 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walisema kwamba watoto wa Kitibeti wapatao milioni moja wamo katika shule za bweni, mbali na jamaa zao, wakifundishwa zaidi kwa Kichina.

Katika habari hizi kisa kimoja kinamhusu mtu wa duka, na kwa hiyo kinamgusa mnunuzi kuliko vingine. Tashi Wangchuk, Mtibeti wa Yushu katika jimbo la Qinghai, alikuwa mfanyabiashara mdogo. Aliona kwamba Kitibeti kinatoweka shuleni, naye aliamini kwamba katiba ya Uchina inayahifadhi makabila madogo na lugha zao. Mwaka wa 2015 alisafiri mpaka Beijing kutafuta wakili wa kumfungulia kesi, na akakubali gazeti la New York Times limpige picha za filamu akieleza nia yake. Hakudai uhuru wa nchi. Alidai sheria iliyoandikwa ifuatwe. Alikamatwa mwezi wa Januari 2016. Filamu ile ikawa ushahidi wa kumtia hatiani. Na mwezi wa Mei 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kosa la kuchochea utengano wa taifa. Alitoka Januari 2021.

Wako wasemao kwamba mnunuzi hana hatia hata chembe. Hakumfunga mtu wala hakuvunja nyumba ya watawa. Amelipa bei halali kwa kitu halali, na biashara haigombi. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Chupa ya chai haikutengenezwa Lhasa. Imetengenezwa na vijana wa viwandani wa mikoa ya pwani, ambao hawakuulizwa rai yao juu ya Tibet, na ambao wakithubutu kuitoa wangeweza kufungwa vilevile. Kodi ya kiwanda huingia hazina, na hazina humlipa askari. Lakini hazina hiyohiyo humlipa daktari na mwalimu. Mnyororo ukirefuka hivyo, hatia hupungua kwa kila pete, hata mwishoni ikawa si rahisi kuitofautisha na hatia ya kuishi duniani tu. Ipo minyororo mifupi zaidi. Sehemu ya lithiamu ya Uchina, madini yatumikayo katika betri, hutoka katika uwanda wa Tibet. Na mwezi wa Mei 2016, katika mji wa Tagong, magharibi ya Sichuan, wakazi walitandaza barabarani samaki waliokufa, wakilalamikia mgodi wa lithiamu kwamba umeuharibu mto wao. Hata hivyo, nani awezaye kuipasua betri ya simu akajua chembe ipi ilitoka wapi?

Basi wengine hushika njia ya kususia, yaani kuacha kununua kila kitu cha Uchina. Njia hii ina wazee wa kuheshimiwa. John Woolman, Mquaker wa New Jersey aliyefariki 1772, aliacha sukari iliyotokana na jasho la watumwa. Mwaka wa 1791 William Fox alitoa kijitabu mjini London kuwasihi Waingereza wafanye vivyo hivyo, na jamaa nyingi zikanywa chai kavu. Jina la Kiingereza la tendo hili lilitokana na Kapteni Boycott, wakala wa mashamba huko Ireland, ambaye majirani walimsusa mwaka wa 1880. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba Ireland hiyohiyo, pamoja na Malaya, ndiyo iliyopeleka shauri la Tibet mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1959. Azimio likapita kwa kura 45 dhidi ya 9, na mataifa 26 yakakaa kimya.

Mwaka huohuo wa 1959, miezi mitatu baada ya maasi ya Lhasa, mkutano ulifanywa London tarehe 26 Juni kuwaomba Waingereza wasinunue mali ya Afrika Kusini. Padri Trevor Huddleston alisema hapo, na Julius Nyerere alisema pia. Mwaka uliofuata harakati ile ikawa chama kamili cha kupinga ubaguzi. Msomaji wa Afrika ya Mashariki akitaka kulipima shauri la Tibet ana kipimo karibu naye, na ni haki akitumie. Lakini atumiapo kipimo lazima aone kinapotofautiana na kipimwacho. Ususiaji wa Afrika Kusini uliombwa na waliodhulumiwa wenyewe. Albert Luthuli na wenzake walijua kwamba mali ikikosa wanunuzi mfanyakazi Mwafrika ataumia pia, wakasema wako tayari kuumia. Ruhusa ile ilikuwa kitu kikubwa. Ndiyo iliyomzuia mnunuzi wa London asiwe mtu agawaye maumivu ya wengine kwa ukarimu wake.

Kwa Watibeti ruhusa hiyo haikutolewa kwa sauti moja. Wamo miongoni mwa wakimbizi wao walioita ususiaji. Dalai Lama mwenyewe, ambaye tangu miaka ya 1980 hakudai nchi ijitenge bali ijitawale mambo yake ya ndani, amesema mara nyingi kwamba Uchina isitengwe na dunia, na hata michezo ya Olimpiki ya Beijing ya 2008 hakuipinga. Mtibeti mwenye duka kama Tashi Wangchuk naye hupatia riziki yake katika soko la Uchina. Anayesusia kila kitu humsusia na yeye.

Tena kuna mnunuzi maskini. Mwenye fedha nyingi anaweza kuchagua sufuria ya Ujerumani na viatu vya Italia, akarudi nyumbani na dhamiri iliyopigwa pasi. Mama alipaye ada za watoto watatu hununua kilicho rahisi, na kilicho rahisi kimetoka Uchina. Maadili yanayowezekana kwa matajiri peke yao yana kasoro, kwani hugeuza uadilifu kuwa pambo jingine la kununuliwa. Dau la mnyonge haliendi joshi. Si haki mtu aliye pwani alicheke kwa kuchelewa.

Je, basi mnunuzi yu huru kabisa? La. Liko deni moja lisilotegemea unene wa mfuko. Katika biashara hii bei mara nyingi huwa mbili. Ya kwanza ni fedha, nayo ni halali. Ya pili ni kimya, nayo haikuandikwa popote. Mwezi wa Januari 2018 hoteli za Marriott ziliandika Tibet katika orodha ya nchi. Uchina ikakasirika, hoteli zikaomba radhi, na mfanyakazi mmoja huko Omaha, Marekani, akafukuzwa kazi kwa kubofya alama ya kupenda maneno ya chama cha kuwaunga mkono Watibeti. Mwezi uliofuata Mercedes-Benz ilinukuu neno la upole la Dalai Lama katika Instagram, mtandao ambao Uchina imeufunga, kisha ikaomba radhi kana kwamba imetukana. Mwaka wa 2011 Askofu Mkuu Desmond Tutu alimwalika Dalai Lama Cape Town kwa sikukuu yake ya kutimiza miaka 80. Serikali ya Afrika Kusini ilikawiza ruhusa ya kuingia mpaka mgeni akavunja safari, na Tutu akatamka hadharani kwamba serikali hiyo ni mbaya kuliko ile ya ubaguzi. Alizidisha, lakini uchungu wake ulikuwa na sababu: nchi iliyokombolewa kwa sauti za watu wa mbali ilikuwa imeiuza sauti yake.

Hapa ndipo raia wa kawaida anapohusika kweli. Kununua chupa ya chai hakumfanyi mdhalimu. Kukubali kwamba kwa kuwa amenunua chupa asiulize habari za Tashi Wangchuk, hilo humfanya mshirika, maana amelipa kitu ambacho muuzaji hakuwa na haki ya kukidai. Fedha ikiisha kulipwa mikono ya pande zote mbili huwa mitupu, na mdomo ni wa mwenyewe. Anaweza kusema, kuandika, kumwuliza mwakilishi wake, kumnyima fedha mfanyabiashara ambaye amemfukuza mtumishi ili kuupendeza utawala. Na mtu wa shilingi kumi anaweza kusema sawa na mtu wa milioni.

Pingamizi gumu zaidi hutoka kwa shukrani. Uchina iliijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860, kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa. Fadhila ya punda ni mateke, husemwa; je, Mtanzania aitazamaye reli ile anaweza kuisema Uchina bila ya kupiga teke? Tarehe 13 Aprili 2008, mwezi mmoja baada ya ghasia za Lhasa, mwenge wa Olimpiki ulifika Dar es Salaam, mji pekee wa Afrika katika safari yake. Ulianzia stesheni ya TAZARA na kuishia katika uwanja mpya wa taifa, uliojengwa kwa msaada wa Uchina. Miongoni mwa waliochaguliwa kuukimbiza alikuwamo Wangari Maathai wa Kenya, mwenye tuzo ya Nobel ya 2004. Alijitoa, akataja Tibet, Sudan na Burma. Hakumwambia mtu asipande treni, wala hakuutukana ukarimu wa waliotandika reli. Aliombwa mkono wake uinue kitu, akaurudisha chini na kueleza kwa nini. Na mwenge ukaenda kilometa zake tano bila yeye.