Mwenye Merikebu Anaishi Tunduma

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 yuko mtu mmoja ambaye sisi wahubiri humruka. Tunamtaja Paulo, tunamtaja akida, kisha tunakimbilia tufani kwa sababu tufani inanogesha ibada. Mtu huyo ni mwenye merikebu. Hana jina. Chombo chake cha Aleksandria kimebeba ngano na watu 276, majira ya baridi yako mlangoni, na Paulo ameshaonya kwamba safari hii itakuwa na hasara kubwa. Akida anapima maneno ya pande zote, halafu anamsikiliza nahodha pamoja na mwenye chombo. Upepo mwanana wa kusi unavuma, kila mtu anaona mambo yamekaa sawa, nanga inang'olewa.

Mmewahi kujiuliza yule tajiri alikuwa anapiga hesabu gani pale bandarini? Alikuwa anahesabu siku. Chombo kikilala kinakula. Mabaharia wanataka posho, ngano inavuta unyevu, mteja wa Roma anasubiri. Wapendwa, mtu huyu mnamjua! Anaishi Tunduma. Ana malori sita kwenye foleni ya kuingia Nakonde, ana simu mbili mkononi, na neno lake kwa dereva ni moja tu: wahi.

Neno hilo limetulisha, sikatai. Limejenga nyumba za Mpemba na Maporomoko, limeezeka makanisa yetu, limesomesha watoto. Lakini sasa nasikia jambo jipya, kwenye vikao vya harusi na kwenye mabenchi ya mawakala wa forodha. Wananiambia: Mchungaji, kuna kampuni ya ndege za kukodi inauzwa. Ina Cessna zake, ina wateja wake, ina marubani wake, ina vibali vyote. Ni kuingia na kuendelea.

Siandiki ili nikataze. Wilaya ya Songwe ina migodi ya dhahabu, na wataalamu wake hawana muda wa kutingishwa barabarani kutwa nzima. Mama mwenye uchungu uliokwama kule Ileje hana siku mbili za kusubiri. Tena wako waliotangulia: mwaka 1993 Michael Shirima alianzisha Precision Air kule Arusha kwa kukodisha ndege ndogo, na kufikia 2011 hisa zake zikauzwa kwa wananchi kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mtanzania anaweza. Na sisi wa mkoa huu mchanga wa Songwe, uliozaliwa 2016, tuna sababu ya kuitazama anga kwa wivu kidogo, maana hata Uwanja wa Ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Sisi tumebaki na jina, jirani ana lami. Kilicho chetu kutoka juu ni Kimondo cha Ndolezi, nacho tangu kilipoanguka hakijainuka.

Kwa hiyo nunueni, kama mmeitwa. Ila someni kwanza Yoshua sura ya 9.

Wagibeoni walifika kambini na mikate iliyoota ukungu, viatu vya viraka na viriba vilivyopasuka, wakajifanya wametoka nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli wakaonja ule mkate, wakaapa, wasimwulize Bwana. Siku ya tatu wakagundua kuwa wale ni majirani. Muuzaji wa ndege hufanya vilevile, ila kinyume: huleta vipya ili afunike vikuukuu. Rangi imepigwa wiki iliyopita. Viti ni vya ngozi. Rubani kavaa shati jeupe lenye mistari mabegani, na wewe unapandishwa mbele, unazungushwa juu ya mji dakika 20, unashuka umeshakuwa mmiliki moyoni. Umeonja mkate wa Wagibeoni, ndugu yangu, na kalamu bado hujaishika!

Ndege haiko kwenye rangi. Ndege iko kwenye vitabu. Bodi ina kitabu chake, injini ina kitabu chake, propela ina kitabu chake, na kila saa iliyorukwa na kila nati iliyobadilishwa huandikwa humo na kusainiwa na mtu mwenye leseni. Injini ya Cessna Caravan, ile ya Pratt & Whitney, kwa kawaida hupewa saa 3,600 kabla ya kufunguliwa yote na kutengenezwa upya. Kitabu kikisoma 3,400, hujanunua injini. Umenunua saa 200. Kwa ndege inayoruka saa nne kwa siku, hizo ni siku 50, na siku ya 51 unasomewa bili ya mamia ya maelfu ya dola, wakati mteja wako anakulipa kwa shilingi, tena kwa awamu.

Ndiyo maana waendeshaji wenye akili hutenga fedha kila saa ndege inaporuka, iwe na faida iwe haina. Mimi naiita zaka ya injini. Haiguswi kwa mshahara, haiguswi kwa harusi ya mtoto. Mwulize muuzaji swali hilo kabla ya yote: zaka ya injini iko wapi? Akikuonyesha akaunti, kaa, agiza chai. Akikuonyesha ofisi mpya na gari jipya, omba funguo zako uondoke. Huyo ameila, na wewe ndiye unayetafutwa uilipe!

Nilifuatana na mzee wetu mmoja, mtu wa malori, kwenda kukagua kampuni ya namna hiyo. Sitaitaja, wala kiwanja chenyewe. Tuliingia banda la ndege, linanuka mafuta na gundi, tukakuta Cessna mbili zinang'aa kama sahani za sikukuu. Mzee alikuwa tayari. Tulikuwa tumemchukua fundi wa ndege mstaafu, mtu mkimya, akaomba vitabu, akavaa miwani, akaanza kulowesha kidole na kufunua kurasa. Nusu saa hakusema neno. Kisha akanigeuzia ukurasa mmoja.

"Mchungaji, niambie unaona nini."

Nikaona ukaguzi wa saa 100. Chini yake mwingine, na mwingine, na mwingine. Mistari minne, iliyotapakaa katika miezi minane kwa tarehe zilizoandikwa. Nikasema naona kazi imefanyika. Akaniambia nitazame wino. Kalamu ile ilikuwa na kasoro, inaacha mkwaruzo mweupe katikati ya kila herufi, kama bolpeni iliyokaribia kwisha. Mkwaruzo uleule kwenye mistari yote minne. Miezi minane, kalamu moja inayokufa na haifi.

"Hii imeandikwa mchana mmoja," akasema, akavua miwani.

Mzee wetu alibaki anaitazama ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa cheti cha kifo chake mwenyewe. Malori amenunua kwa miaka 30, huinama chini, hugonga chesisi, hunusa mafuta ya injini kwenye kijiti. Hajawahi kununua kitu ambacho uzima wake uko kwenye mwandiko wa mtu. Tuliondoka bila kuagana vizuri.

Basi tuseme vitabu ni visafi. Bado kuna deni. Hapo mgeukieni Samweli wa Pili, sura ya 21. Njaa ilipiga nchi miaka mitatu mfululizo katika siku za Daudi, na alipouliza kwa nini, akaambiwa ni kwa sababu ya Sauli, aliyewaua Wagibeoni. Ndio walewale wa kiapo cha Yoshua! Daudi hakuwa amemuua hata mmoja. Lakini alikuwa amekalia kile kiti, na kiti kina deni.

Ukinunua hisa za kampuni, umekalia kiti. Kodi isiyolipwa TRA ni yako, michango ya NSSF ni yako, tozo za viwanja na za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ni zako, na kesi ya mfanyakazi aliyefukuzwa kabla hujajua kampuni ipo, hiyo nayo ni yako. Rehani zilizoandikishwa zitafuteni kwa msajili wa kampuni, BRELA. Na sheria ya kodi ya mapato ya 2004 ina neno juu ya kampuni ambayo zaidi ya nusu ya umiliki wake umebadilika mikono; mkalisome na mhasibu, si na shemeji. Mtu atasema, basi nitanunua ndege peke yake, madeni nimwachie mwenyewe. Vema, lakini cheti cha kurusha abiria hakipandi ndani ya ndege kikaja nayo. Utakuwa na ndege inayong'aa na ruhusa ya kuiosha, mpaka TCAA wakupitishe hatua zote upya.

Mnaikumbuka Fastjet. Wengi wenu mlipanda kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu yake, ilipotangaza tiketi kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na 2013 ikaanza kutua Songwe. Ile haikuanza kutoka udongo mtupu. Mwaka 2012 wenyewe walichukua kitengo cha ndege cha Lonrho, chenye Fly540 ya Kenya, Tanzania, Ghana na Angola, kampuni zilizokuwa tayari zinaruka. Ni kuingia na kuendelea! Waliingia, na migogoro ya madeni na ya jina ikaingia nao. Mwishoni mwa 2018 tawi la Tanzania likauzwa tena, kwa wawekezaji walioongozwa na Lawrence Masha, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wino haujakauka, Desemba ya mwaka huohuo, TCAA ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni. Sababu zilizotajwa zilikuwa madeni, na kwamba kampuni haina meneja mwajibikaji. Fastjet Tanzania haikurudi angani. Wala sinyooshei mtu kidole, nawaonyesha kiti.

Na lile jambo la meneja mwajibikaji msilipite haraka. Cheti cha kampuni ya ndege kimesimama juu ya watu wanaotajwa kwa majina mbele ya mamlaka: huyu anajibu kwa ujumla wake, huyu kwa urushaji, huyu kwa matengenezo, huyu kwa usalama. Wakiondoka na muuzaji, unabaki na mabati yenye mabawa. Wakaribisheni chakula kabla ya kusaini. Waulizeni kama wanabaki. Zaidi ya hapo waulizeni, faraghani, ni lini mara ya mwisho walimwambia tajiri hapana, na tajiri alifanya nini.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja muda wote huu. Hesabu mtajifunza. Kurudi mtupu mnakujua kuliko mtu yeyote, maana lori lililopeleka mzigo Lubumbashi na kukosa mzigo wa kurudi limewaliza wengi. Ndege ya kukodi ni vilevile, asiyemlipisha mteja kwenda na kurudi anajichimbia. Lakini neno hapana hamjalizoea. Dereva anayekwambia hapana, kesho lori lina dereva mwingine. Utingo hata hasemi. Na ndege haiendeshwi hivyo. Rubani akisema mzigo umezidi, umezidi, hata kama jana ulibebwa huohuo. Nchi yetu hii ya juu, jua likichoma saa saba mchana, hewa inakuwa nyepesi na ndege inakosa nguvu ile iliyokuwa nayo alfajiri. Fundi akisema hairuki, hairuki. Mshahara wao unautoa wewe, na wao wanakukatalia mbele ya mteja wako. Kama huwezi kulibeba hilo, tubu leo na ununue malori mengine, maana utakachonunua ni merikebu ya Matendo 27 na wewe ndiye yule asiye na jina!

Yule mzee wetu hakuiacha ndoto. Alitafuta mwaka mzima, akaingia ubia kwenye kampuni nyingine, ndogo, yenye vitabu vinavyosomeka. Asubuhi moja alinipigia simu kutoka uwanja wa Songwe, sauti juu. Wateja watatu wa mgodini wamefika tangu saa kumi na mbili na nusu, wana kikao, wanatazama saa. Ukungu umelala juu ya uwanja. Yeye anauona mlima kwa mbali, anaona njia ipo. Rubani haoni.

"Binti mwenyewe mdogo, Mchungaji. Umri wa mwanangu wa mwisho. Kaniamkia shikamoo kwa heshima zote, halafu ananiambia, mzee, hatuondoki."

Nikamuuliza yeye amesemaje.

Akanyamaza. Nikasikia nyuma yake vikombe, na mtu anakohoa.

"Nimewaagizia wateja chai," akasema. "Na yeye nimemwagizia."

Waliondoka saa nne na robo.