Je, Amri ya Kukagua Yamfaa Nini Mtu Mwaminifu?

Ziko eropleni zivutwazo na rafadha, yaani yale mapanga marefu yazungukayo mbele ya mashine. Kila panga lizungukapo lataka kuchomoka na kuruka mbali kwa nguvu nyingi mno, nalo limeshikwa penye shina lake tu. Kijiwe cha uwanjani kikiligonga na kulitia pengo dogo kama ukucha, pengo hilo laweza kuwa mwanzo wa ufa. Na ufa hukua kila siku ndege irukapo, pasipo mtu kuuona.

Kwa sababu hiyo serikali zimeweka sheria za ukaguzi. Huko Marekani ndege ndogo haina ruhusa ya kuruka isipokuwa imekaguliwa yote katika miezi 12 iliyopita. Na ikiwa yachukua watu kwa malipo, hukaguliwa tena kila baada ya saa 100 za kuruka. Tena katika mashirika makubwa, zile kazi ambazo kosa lake laweza kuiangusha ndege hazikaguliwi na fundi yule aliyezifanya. Sharti mtu mwingine azitazame.

Hapa swali lazuka. Fundi akiwa mwaminifu, ya nini kumlazimisha kwa sheria? Naye asipokuwa mwaminifu, sheria itafaa nini, maana atatia sahihi yake bila kutazama? Maneno haya husemwa juu ya kazi nyingi, hata juu ya hesabu za usharika. Nimeona yafaa tuyapime kwa jambo moja lililotukia kweli, ambalo habari zake zilichunguzwa na kuandikwa wazi.

Tarehe 21 Agosti 1995 eropleni ya aina ya EMB 120, yenye rafadha mbili, iliondoka Atlanta katika Marekani kwenda Gulfport. Walikuwamo watu 29. Ilipokuwa ingali ikipanda, imefika futi 18,000 hivi, panga moja la rafadha ya kushoto likakatika. Mtikisiko ukaipotosha mashine mahali pake, hata bawa la upande ule likapungukiwa na nguvu ya kuinua, wala marubani hawakuweza kuizuia ndege isishuke. Kwa muda wa dakika 9 hivi walishindana nayo, na mhudumu wa abiria akawafundisha watu namna ya kujikinga. Mawingu yalikuwa chini, hata hawakuiona nchi mpaka walipokuwa karibu nayo sana. Ndege ikaanguka shambani karibu na mji wa Carrollton, kisha moto ukawaka. Wengi walipona, lakini nahodha akafa, na abiria kadhaa pamoja naye, wengine wao baada ya kuteswa na majeraha ya moto.

Baraza la Marekani lichunguzalo ajali lililitazama shina la panga lile. Ndani ya shina hilo, ambalo ni la alumini, palikuwa na tundu refu. Humo huwekwa risasi ya kulisawazisha panga, na kizibo cha kuishika risasi. Kizibo kile kilikuwa kimeng'arishwa kwa dawa yenye klorini, na klorini ile ikaila alumini polepole, ikatoboa vishimo vidogo sana. Katika vishimo hivyo ufa ukaanza.

Basi, onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Katika mwezi wa Machi 1994 mapanga mawili ya namna hiyo yalikatika, moja Kanada na moja Brazili, na ndege zote mbili zikatua salama. Hapo ikatoka amri kwamba mapanga yote ya namna ile yapimwe kwa sauti nyembamba isiyosikiwa na sikio la mtu, ambayo hupenya alumini na kurudi ikikuta ufa. Panga hili nalo likapimwa mwaka ule ule wa 1994, na kipimo kikalikataa. Likaondolewa, likapelekwa kiwandani.

Fundi akachungulia tunduni kwa chombo chenye taa, asione kutu wala ufa. Huko kiwandani walikuwa wamekwisha kusadiki kwamba mara nyingine kipimo hukataa panga kwa ajili ya alama za juu juu zisizo na madhara. Kwa hiyo utaratibu ukaruhusu uso wa tundu usuguliwe mpaka uwe laini. Akasugua. Panga lilipopimwa tena halikukataliwa. Likarudishwa, likafungwa katika ndege, likaruka miezi mingi. Lakini ufa ulikuwamo bado.

Baraza halikumtwika fundi yule mzigo wote peke yake. Lilisema kwamba njia za kiwanda za kukagua na kutengeneza, na mafundisho yake, na maandiko yake, na namna ya kupashana habari, vyote havikutosha. Likaongeza kwamba kiwanda na mamlaka ya serikali hawakuamuru mapanga yale yapimwe tena na tena yakiwa katika ndege. Walipima, wakatengeneza, wakatulia.

Sasa tutafakari. Katika habari hii hapana mtu aliyetaka kuua. Fundi alifuata utaratibu, na wakubwa wake walidhani kweli kwamba alama zile hazina neno. Walakini watu wakafa. Je, tuseme ni bahati mbaya tu? Sivyo. Kipimo kilisema, "Pana neno hapa." Jicho likasema, "Mimi sioni neno." Likasadikiwa jicho, kwa kuwa lilisema lile ambalo kila mtu alitamani kulisikia, kisha alama ikaondolewa, na ubaya ukabaki. Wapenzi, njia hii tunaijua sisi sote. Mara ngapi twasugua uso wa jambo hata liwe laini, tukajiambia ya kuwa tumelitengeneza? Wazazi huwanyamazisha watoto wagombanao, wala hawaulizi chanzo cha ugomvi. Wazee wa kanisa hupatanisha watu kwa kupeana mikono, na deni halijalipwa. Bwana Yesu aliwafananisha watu wa namna hii na makaburi yaliyopakwa chokaa (Mateo 23:27). Chokaa si kosa. Kosa ni kudhani ya kuwa mahali palipopakwa chokaa pamekwisha kuwa safi.

Tena Mungu hakutuacha bila neno juu ya hatari zisizo na nia mbaya. Katika 5 Mose 22:8 Waisraeli waliamriwa kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, aizungushie paa yake ukingo, mtu asije akaanguka toka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni amri hii. Haimwulizi mwenye nyumba kama ni mtu mwema au mbaya. Hata mtu mwema, asipojenga ukingo, ana hatia ya damu. Wala haisemi ni nani atakayepanda juu ya paa: labda mgeni, labda mtoto wa jirani, labda mtu asiyezaliwa bado. Sheria ya kukagua rafadha ni ukingo wa namna hiyo. Mwenye nyumba hamjui atakayeanguka, na fundi hawajui abiria. Wao nao hawatamwona fundi kamwe, wala hawatachungulia ndani ya tundu lile. Wameyaweka maisha yao katika mkono wa mtu wasiyemjua jina.

Dakt. Luther katika Katekisimo Ndogo alitufundisha kwamba amri ya tano, inayokataza kuua, haitimizwi kwa kutomdhuru jirani tu. Yatupasa kumsaidia pia katika mahitaji yote ya mwili wake. Basi, fundi aliyelala chini ya ndege usiku, akilishika panga na kulipapasa kwa vidole vyake, anaitimiza amri ya tano, hata kama hakumbuki kuwa anaitimiza. Ukaguzi ni upendo kwa jirani ambaye uso wake hujauona.

Lakini yuko atakayesema: "Ukaguzi ni kutoaminiana. Mtu akikagua kazi yangu, ameniita mwongo." Katika sharika zetu mtunza hazina huweza kuchukizwa vivyo hivyo wazee wakitaka kuhesabu sadaka pamoja naye. Huuliza, "Kwani mimi mwizi?" Namjibu hivi. Ndugu, wewe si mwizi. Lakini u mtu. Twakiri kwamba Mkristo, hata akiwa amehesabiwa haki kwa neema, angali mkosaji mpaka kufa kwake. Macho yake huchoka, naye hupenda kuiona kazi yake kuwa njema kwa sababu ni yake. Ndiyo maana sheria ya ndege hairuhusu fundi aikague kazi yake mwenyewe ile iliyo ya hatari. Haimshitaki, yamlinda na jicho lake mwenyewe. Tena siku fedha zikipungua, ni nani atakayekuwa na amani, yule aliyehesabu peke yake, au yule aliyehesabu mbele ya wenzake? Kwa hiyo mtu mwaminifu ndiye afaidiye zaidi kwa ukaguzi. Hapo swali la kwanza limejibiwa.

La pili ni gumu zaidi: sheria yamfaa nini asiyekuwa mwaminifu? Tarehe 10 Julai 2017 eropleni ya jeshi la Marekani, ya aina ya KC-130T, ilivunjika angani juu ya jimbo la Mississippi. Watu 16 walikuwamo, na wote wakafa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba panga moja la rafadha lilikatika kwa sababu ya kutu iliyoachwa ndani yake lilipofanyiwa kazi katika kiwanda cha jeshi mwaka 2011. Utaratibu wa kuiondoa kutu ulikuwapo, haukufuatwa inavyopasa. Miaka 6 panga lile lilizunguka na ubaya wake. Hapa twaona mpaka wa sheria. Yaweza kumleta mtu mpaka penye panga na kumpa taa mkononi. Haiwezi kumpa moyo wa kutazama. Mtume Paulo asema vivyo hivyo juu ya sheria ya Mungu mwenyewe: ni takatifu na njema, lakini haitoi uzima. Hata hivyo hatuitupi. Ni hatamu ya kumzuia mlegevu, ni kioo cha kumwonyesha kosa lake; na anayetia sahihi yake chini ya kazi asiyoitazama, amri ya nane yamshika, kwa maana sahihi ni ushuhuda, naye ameshuhudia uongo juu ya maisha ya watu.

Basi, moyo wa kutazama watoka wapi? Mara nyingi mtu huficha ufa si kwa kuwa apenda ubaya, bali kwa kuwa aogopa. Aogopa bwana mkubwa, aogopa kucheleweshwa kwa kazi, aogopa kuitwa mjinga kwa kusema, "Sijui alama hii ni nini." Penye hofu hiyo kila mtu husugua. Watu wa ndege wenyewe wameling'amua jambo hili. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha utaratibu, unaoangaliwa na shirika la NASA, ambao kwa huo rubani au fundi aweza kuandika kosa alilolifanya, na jina lake likafutwa kabla habari haijatolewa kwa wengine ili wajifunze. Hauwafichi wenye makosa ya jinai, wala hauhusu ajali zenyewe, lakini wafungua mlango kwa mtu asemaye mapema, "Nimekosa, tazameni mahali hapa."

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka maungamo yetu. Mchungaji husikiliza, naye haitoi siri. Mkosaji husema, kwa sababu ajua kwamba mbele ya Kristo kosa lililoungamwa lina msamaha, na lililofichwa ndilo liuaalo. Aliyesamehewa hana haja tena ya kujionyesha kuwa hana ufa. Yeye aweza kuliweka panga mezani na kusema, "Sina hakika nalo, lisirudi katika ndege." Lakini tukumbuke, maungamo hayalitengenezi panga. Mtu akiisha kuungama, sharti panga liondolewe, hata kama ni ghali, hata kama ndege italala siku nyingi.

Ninyi walimu wa dini, mwajua kwamba wengi katika watu wetu hawatashika kamwe chombo cha kutengeneza ndege. Lakini yuko dereva wa lori, yuko mganga apimaye dawa, yuko fundi wa paa la shule, yuko mwandishi wa daftari la ubatizo. Wafundisheni wasichukizwe wakikaguliwa. Na ninyi mpewao kazi ya kukagua wengine, mkaguapo msitafute kumaliza upesi, wala kumwaibisha mtu. Kipimo kikikataa, msilisugue jambo. Ulizeni tena, na siku nyingine mrudi kuuliza tena; maana wako watu ambao hamtawaona, ambao usiku huu wanalala salama au wanaangamia kwa sababu ya kazi yenu.

Bwana atupe macho ya kuona na moyo wa kukiri.