Kijana na Rangi ya Kijani

Mwanafunzi akinijia na kusema seva ameshaisakinisha, imebaki kuipanga kidogo tu, humketisha kwanza nimsimulie ya chama cha maziwa cha Kedowa. Jina la chama nitaliacha, na la kijana pia, maana bado tunakutana stejini na hanikimbii.

Kijana alirudi nyumbani na diploma ya kompyuta, akakuta kazi inamsubiri bila kuitafuta. Sisi huku kati ya Londiani na mji wa Kericho tunajulikana nje kwa chai, lakini chai hulipa kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Maziwa ndiyo yanayomlipia mtoto karo. Chama kilipokea maziwa asubuhi na jioni, na mzee karani aliandika kilo za kila mkulima kwa penseli katika daftari kubwa la jalada gumu. Mwisho wa mwezi alijumlisha, akakata madeni ya dawa na chakula cha ng'ombe, akapeleka orodha kwa mweka hazina. Hesabu hiyo ilimla siku nne na macho yake yote mawili.

"Mzee, nikikuwekea mfumo utabonyeza tu," kijana alimwambia.

"Nibonyeze nini, kijana wangu?"

"Kila kitu."

Hapo ndipo mtu mzima mmoja angeinua mkono kuuliza swali. Hakuinua, nami sikuwepo.

Alichokichagua si kibaya. XAMPP ni kifurushi cha bure kilichotolewa na kundi la Apache Friends tangu 2002, na ndani yake mna Apache, ambayo imekuwa ikipeleka kurasa za wavuti tangu 1995, pamoja na hifadhidata ya MariaDB na lugha ya PHP. Wengi hudhani seva ni kabati la chuma linalonguruma katika chumba chenye baridi Nairobi. Seva ni programu tu, imekaa mlangoni ikisubiri hodi. Ukibisha, inakuletea ukurasa ulioutaka. Kompyuta ya mezani ya karani, yenye Windows 10 na vumbi la unga wa ng'ombe kwenye kibodi, iliitosha kabisa. Seva ya kwanza kabisa ya wavuti duniani nayo ilikuwa kompyuta ya mezani: mashine ya NeXT ambayo Tim Berners-Lee aliitumia pale CERN, Uswisi, mwaka 1990. Aliibandika karatasi na kuandika kwa wino mwekundu kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Kumbuka karatasi hiyo.

Kusakinisha kulikwenda haraka. Mwanzoni kikatokea kidirisha cha onyo kwamba ulinzi wa Windows unaweza kuzibana baadhi ya kazi za programu, hivyo isiwekwe ndani ya folda ya Program Files. Kijana alilisoma onyo nusu, akaiweka C:\xampp. Bahati ilimshika mkono. Akabonyeza kuanzisha Apache, ikakataa, maandishi mekundu yakamwagika chini ya kidirisha: poti ya 80 imeshikwa na mwingine.

Hapa nitamsifu, kwa sababu baadaye nitamlaumu. Poti ni kama namba ya mlango katika jengo moja refu. Kurasa za kawaida hubisha mlango wa 80, na mlango mmoja hauwezi kuwa na mabawabu wawili kwa wakati mmoja. Wengi wakifika hapo huanza kufuta programu moja moja kwa kubahatisha. Yeye aliandika netstat -ano kwenye kidirisha cha amri, akaona namba ya mchakato ulioshika poti, akaufuata mpaka akagundua ni huduma ya wavuti ya Windows yenyewe, iliyowashwa zamani na fundi fulani akaisahau. Hakuigusa. Alifungua faili ya httpd.conf, akabadilisha Listen 80 ikawa Listen 8080, akaanzisha tena. Jina la Apache likawa na rangi ya kijani. Alitafuta chanzo kabla ya kutia mkono. Laiti angebaki mtu huyo huyo hadi Aprili.

Siku ya kuonyesha mfumo, mwenyekiti alitoa simu yake akaambiwa aandike localhost:8080. Simu ikasema haioni kitu. Akaandika tena kwa herufi kubwa. Kijana akatoka jasho katika baridi ile. Localhost maana yake ni "mimi mwenyewe": kila kifaa kikiitamka kinajisemea chenyewe, na simu ya mwenyekiti ilikuwa ikijibishia hodi mlango wake yenyewe. Akatafuta anwani ya kompyuta ya karani kwenye mtandao wa ofisi, moja ya zile zinazoanza na 192.168, na wote wakaona. Baada ya wiki moja rauta ilizimwa ikawashwa, ikagawa anwani upya, mfumo "ukapotea." Ilimbidi aende kuifungia mashine ile anwani yake isiyobadilika. Mambo hayo ni ya kawaida, kila mmoja wetu amepigwa nayo.

Kisicho cha kawaida ni alivyofanya ili asisumbuliwe tena. Windows ilipouliza kama Apache iruhusiwe kwenye mitandao ya binafsi au ya hadharani, alitia alama kote kuwili. Mtumiaji mkuu wa hifadhidata, root, ndani ya XAMPP huja bila nenosiri, akamwacha hivyo. Ukurasa wa phpMyAdmin, ambao ndio ufunguo wa ghala lote, XAMPP huufungulia wale walioketi kwenye mashine yenyewe tu; yeye aliufungua kwa wote, apate kurekebisha mambo kwa simu akiwa anakunywa chai hotelini ng'ambo ya barabara. Na nenosiri la Wi-Fi lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya magunia. Mkulima yeyote aliyesubiri risiti angeweza kufungua namba za kitambulisho na za simu za wenzake wote, na kujiongezea kilo kumi akitaka. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama chama ni kidogo. Ukishika taarifa za watu, umebeba mzigo. Januari 2012 mtu mmoja wa Indonesia aliharibu kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo mmoja, na hizo zilikuwa na wasimamizi wa mshahara. Kedowa hakuna aliyeiba. Watu walikuwa waungwana, au hawakujua. Mimi sijengi nyumba juu ya mojawapo ya hayo mawili.

Miezi miwili mfumo ulienda. Karani alibonyeza, jumla ikatoka, risiti zikachapwa. Mwezi wa tatu akaacha daftari. Hakuna aliyemwambia aliache. Penseli iliisha tu hakununua nyingine.

Usiku wa tarehe 27 Aprili ikaja mvua ya mawe. Milima ya Kericho na Nandi inahesabiwa miongoni mwa mahali panaponyesha mawe mara nyingi zaidi duniani. Miaka ya 1960 mashamba ya chai yalifikia kurusha ndege kuyatia mawingu dawa. Stima ikakatika. Kwa stima hatuna la kujivunia: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikawa gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Kompyuta ya karani haikuwa na UPS, wala betri ya aina yoyote, na ilizimika ikiwa katikati ya kuandika maziwa ya jioni.

Asubuhi Apache ilikuwa kijani. MySQL, ndivyo kidirisha kinavyoiita MariaDB, iligeuka njano kidogo, kisha ikazimika na kuandika kwa wekundu kwamba imesimama bila kutarajiwa. Wakulima walikuwa wameshapanga foleni na mitungi. Kijana akaiwasha mara tatu, mara nne. Njano, zima. Njano, zima.

Mle ndani ya folda ya data mna faili iitwayo mysql_error.log, na kwenye kidirisha kuna kitufe cha Logs kinachoifungua. Ingemwambia kitu gani hasa kimekwama. Mara nyingi ni kitu kidogo, faili moja ya mfumo iliyovunjika, wakati majedwali yenyewe ni mazima, kwa sababu injini ya InnoDB imeundwa ijirekebishe stima ikikatika: hurejea kwenye daftari lake la matukio, humalizia kilichokwisha kuthibitishwa na hufuta kilichoachwa nusu. Kijana hakubonyeza Logs. Alifungua simu, akatafuta maneno ya lile kosa, akapata video ya dakika mbili. Mtu asiyeonekana uso alisema futa faili ya ibdata1 na zile za ib_logfile, anzisha tena.

Akafuta. Akaanzisha. MySQL ikawa kijani.

Nimeambiwa alipiga makofi. Karani akapiga pia.

Ibdata1 ndiyo inayoshika orodha ya injini: jedwali gani liko wapi, lina namba gani. Ukiifuta, MySQL huiunda nyingine tupu na kuamka kwa furaha, maana haina cha kuiumiza tena. Kijana alifungua hifadhidata akaona majina yote ya majedwali yapo, wakulima, maziwa, madeni, kwa sababu maumbo yake yameandikwa katika faili nyingine ndogondogo pembeni. Akabonyeza wakulima. Kosa la 1932: jedwali halimo kwenye injini. Akabonyeza maziwa. Hilo hilo. Ni kama kuingia ghalani ukakuta vibandiko vyote viko rafuni na chini yake hakuna gunia.

Hata hapo alikuwa bado anaweza kuokoka. Kila jedwali lilikuwa na faili yake yenye mwisho wa .ibd, imejaa kilo za watu, na kuna njia ya kuunda jedwali tupu la umbo lile lile kisha kuirudishia faili hiyo. Ni kazi ya jioni nzima na subira. Lakini alikuwa ameona kando ya data folda nyingine iitwayo backup, akaamini kwamba XAMPP imekuwa ikimwekea nakala kila siku. Jina lile limewaponza wengi. Backup ya XAMPP ni nakala ya hifadhidata ilivyokuwa siku inazaliwa, bila mkulima hata mmoja. Kwa imani hiyo akaitoa backup pembeni, akaondoa programu yote, akafuta na folda ya C:\xampp ili aanze upya safi, na tupio akalimwaga.

Mimi niliitwa saa nane mchana. Nilimwuliza swali moja: kabla ya kugusa chochote, ulinakili folda ya data mahali pengine? Dakika mbili na flashi ya bei ya sahani ya chipsi. Alikaa kimya. Nikamwuliza la pili, kama aliwahi kuendesha mysqldump hata siku moja, apate faili moja ya maandishi yenye kila kitu. Alijua mysqldump ni nini. Aliifanyia mtihani chuoni akapita.

Basi tukarudi kwa karatasi. Kila mkulima ana kadi yake ambamo mpokeaji hutia kilo kila asubuhi na jioni, na duka la chama lilikuwa na nakala za kaboni za madeni. Siku tatu wakulima walipanga foleni na kadi, kijana akisoma, karani akiandika kwa penseli mpya. Kadi zingine zilikuwa zimekaa mfukoni mwa koti la mvua, zimelegea kama chapati ndani ya supu. Mwenyekiti alikuja mara mbili, akatazama, akaondoka bila neno.

Siku ya tatu jioni akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya reli. Kadi yake ilikuwa imeloa hata wino umekuwa wingu moja la bluu.

"Mama, mwezi huu ulileta kilo ngapi?" karani akamwuliza.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaandika, Mzee. Mimi ni mkamuaji."

Wakakaa chini wakahesabu ng'ombe kwa ng'ombe. Yule mweusi alileta kilo nne kwa siku, siku zote 27. Yule wa madoa alileta tano, lakini aliacha maziwa baada ya siku 11 kwa sababu ana mimba. Karani akazidisha pembeni mwa ukurasa: 108, na 55. Jumla 163. Mama akairudia ile namba polepole, akakubali, akafunga leso yake.

Alipoinuka akaitazama kompyuta mezani. Kijana alikuwa ameshaisakinisha upya, na juu ya skrini alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, isizimwe.

"Na hiyo," mama akamwuliza, "itakumbuka ni mia na sitini na tatu?"

Kijana hakumjibu. Alichomoa flashi upande wa nyuma wa mashine, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.