Kabla Kigingi Hakijapigwa!

Simama! Wewe uliyekunja ramani ya mradi kwapani, wewe unayengoja muhtasari wa kikao utiwe saini, wewe diwani, mwenyekiti wa kijiji, mhandisi: simama kwanza, utazame ardhi kabla hujaigawa!

Tazama Kintinku, wilayani Manyoni. Tambarare inashuka kuelekea mbuga ya Bahi, majaruba ya mpunga yametandaa, na magharibi ukuta wa Bonde la Ufa unapanda kwenda Saranda na Manyoni. Reli ya kati ilipita hapa enzi za Mjerumani. Lami ikafuata. Reli ya kisasa nayo ikavuka Bahi hadi Makutupora. Na miradi mingine inakuja: visima, skimu za umwagiliaji, njia za umeme.

Ije! Nani atamnyima mama wa Kintinku maji ya bomba? Nani atamkatalia mkulima mfereji? Sikatazi mradi. Nakataza uzembe!

Maana unajua. Umejua siku nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza, na hata kabla haujapewa fedha. Kabla! Si buldoza likiwa limekwisha kuingia, si miti ikiwa imelala chini, si wiki ya mgeni rasmi kuja kukata utepe!

Nawe unasema, tutafanya. Bado kidogo. Tupate kwanza mkandarasi.

Ndugu yangu, sikia habari ya Kihansi, kisha useme tena hayo maneno!

Huko kwenye milima ya Udzungwa palikuwa na poromoko la maji, na chini yake kipande cha majani kilicholoa usiku na mchana kwa manyunyu ya poromoko hilo. Hapo, hapo tu, si pengine popote duniani, aliishi chura wa Kihansi: wa manjano, anayekaa kwenye ukucha wa kidole gumba, asiyetaga mayai bali anazaa watoto, na kitoto chake hakifiki punje ya mchele.

Watafiti walimkuta mwaka 1996. Na mwaka huo ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza! Fedha imetoka, mwamba umetobolewa, mkataba umesainiwa. Nani angerudi nyuma? Mwaka 2000 maji yakageuzwa kuingia kwenye mitambo ya megawati 180, na manyunyu karibu yote yakakatika.

Ndipo mbio zikaanza! Vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda kulelewa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mabomba yakafungwa bondeni ili yanyunyize maji badala ya poromoko. Kwa muda vyura waliobaki bondeni wakaonekana kupona. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 ndipo watoto wa wale wa Marekani walipoanza kurudishwa bondeni kwao.

Hesabu miaka hiyo! Hesabu safari, mabomba, mishahara ya wataalamu! Yote hayo kwa sababu swali liliulizwa nyundo ikiwa imekwisha kugonga. Umeme tunautumia, na tunauhitaji. Lakini chura yule angeonekana mchoro ungali mezani, wangepanga tangu mwanzo ni maji kiasi gani yaachwe yaanguke.

Usiseme, hayo ni ya Udzungwa, sisi huku ni pakavu. Pakavu pana uhai! Manyoni ina vichaka vya Itigi, msitu mfupi uliosongamana ambao dunia nzima unaupata hapa na mpakani mwa Zambia na Kongo tu. Upande wa kusini yako mapori ya Muhesi, Kizigo na Rungwa, yenye tembo na mbwa mwitu, wote wawili wako hatarini kutoweka. Na juu ya kichwa chako yuko tumbusi mgongo-mweupe, aliye hatarini zaidi yao.

Huyo tumbusi mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita mbili. Akitua kwenye nguzo ya umeme, bawa moja likigusa waya na lingine likigusa waya wa pili, amekufa. Dawa yake? Achanisha nyaya kwenye mchoro! Ni kazi ya siku moja ya mhandisi. Ngoja mpaka nguzo zisimame kilomita kwa kilomita, uone gharama ya kupanda moja baada ya nyingine.

Basi amka! Muulize mshauri elekezi: ulikuja mwezi gani? Kama alikuja Septemba, ardhi nyeusi ikiwa imepasuka, vyura wamejizika na ndege wa maji wamehama, ataandika kwamba hapa hakuna kitu. Mrudishe! Aje mvua zikinyesha, akeshe na tochi, akae na wachungaji na wavuvi wanaojua tembo hupita wapi.

Kisha kwepa kwanza. Ukishindwa kukwepa, punguza madhara. Fidia iwe ya mwisho, usianze nayo! Aliyetoweka hana fidia.

Nawe mwanakijiji, usijifiche nyuma ya wakubwa! Ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni wewe. Nyanyua mkono. Dai ripoti isomwe kwa Kiswahili, hadharani. Kataa kupiga kura kabla hujaisikia!

Kikao ni wiki ijayo? Usingoje wiki ijayo! Mpigie mhandisi leo, mwambie mstari ule ungali wa penseli: aufute, ausogeze, auchore upya!