Mkono Hausahau

Wengi wetu tuliotoka Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, tulifika Uingereza tukijiita mafundi. Nyumbani tulichomelea mageti na madirisha kwa rodi, na wateja walitulipa. Hapa Hounslow, chini ya ndege zinazoshuka Heathrow, tulipoingia darasa la kuchomelea kwa TIG tulianza upya kama watoto wa chekechea.

TIG haitaki haraka. Mkono mmoja hushika tochi yenye sindano ya tungsteni, ikae milimita mbili tatu hivi juu ya chuma bila kukigusa. Mkono wa pili hulisha waya kidogo kidogo, kidole gumba kikiusukuma kama cha mtu anayevuta tasbihi. Gesi ya agoni huizuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka. Tulifundishwa kuegemeza kiganja mezani ili kisitetemeke, na jioni tulizoeza vidole kwa penseli huku tukisikiliza redio. Watoto walitucheka.

Siku moja sindano iligusa chuma. Kanuni yajulikana: zima moto, noa sindano, safisha chuma, anza tena. Lakini muda ulikuwa umekwisha, na mwalimu alikuwa ametupa kisogo. Tukaendelea. Mshono ukapendeza machoni, ukapokelewa. Kilikuwa kipande cha mazoezi tu, hakitabeba mzigo wa mtu. Je, kosa lisiloonekana, na lisilomdhuru yeyote, ni kosa?

Jibu tulilipata wiki iliyofuata. Sindano iligusa tena, na safari hii mkono haukusita hata kidogo. Hatukukusudia kudanganya, mkono ulikuwa umekwisha kujifunza. Mkono hushika kila unachorudia, ustadi na hila pia, wala hautofautishi kipande cha mazoezi na bomba la mvuke. Anayesema "leo tu" anaufundisha mkono wa kesho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi si wabichi tena, ila kila aanzaye kazi mpya mkono wake ni mbichi, hata awe na miaka hamsini.

Tulizima moto, tukamwita mwalimu, tukamweleza yote mawili. Hakusema neno, alitupa kipande kingine cha chuma.

Nanyi wenzetu wapishi, wauguzi na madereva: mikono yenu imejifunza nini huku ughaibuni, wakati hakuna aliyekuwa akitazama?